Maji ya Hema la Mwisho

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata rafiki yangu Eliaichi wa Arusha, ambaye kazi yake ni kukagua kambi za kifahari huko Serengeti na kuwachagulia watalii mahema. Eliaichi haamini mtu. Ukimwonyesha hema zuri, yeye hulitaka lile usilomwonyesha.

Siku hiyo meneja, Nyamhanga, alilipita hema la mwisho bila kuligeukia.

“Na hili, kaka? Mmeficha nini humo?”

“Hatulitumii tu, dada.”

“Fungua. Nataka kujaribu bafu.”

Nyamhanga akafungua zipu, akabaki nje. Unajua bafu la kambini: mhudumu humimina maji ya moto kwenye ndoo iliyoning'inizwa kwa kamba kwenye mlingoti nyuma ya hema. Turubai zote zilikuwa zimeshushwa, kwa hiyo mle ndani mlikuwa giza mchana kweupe. Eliaichi akasikia nyayo zikiburuzika huko nyuma, kisha maji yakimiminwa.

“Tayari, mama,” ikasema sauti ya mzee.

Eliaichi akafungua bomba, maji ya moto yakamlowesha mkono.

“Yanatosha?”

“Yanatosha, baba. Asante.”

Alitoka anacheka. “Kumbe mlikuwa mnanificha mhudumu bora! Nimelichagua hili.”

Nyamhanga aliutazama ule mkono, akamwongoza nyuma ya hema. Mlingoti ulikuwepo. Ndoo haikuwepo, wala kamba, na nyasi ndefu zilisimama wima, hazijakanyagwa na mtu.

Mkono wa Eliaichi ulikuwa bado unafuka mvuke.

Ndipo ile sauti ikauliza, safari hii kutoka ndani ya hema: “Niongeze, mama?”