Nundu ya Milimita Arobaini na Moja

Jumanne tarehe kumi na mbili Novemba 1991, saa nane na dakika ishirini mchana, Nives Malagoli aliweka rula ya chuma juu ya paa la gari, na kipimo kikakataa.

Nundu iliyokuwa juu ya kichwa cha dereva ilitakiwa kuinuka milimita arobaini na moja. Ijumaa iliyopita ilikuwa arobaini na moja. Aliandika mwenyewe kwa penseli na kutia sahihi. Sasa ilikuwa arobaini na nne. Akazunguka upande wa pili, akapima tena. Arobaini na nne. Alumini haivimbi. Mafundi waliokuwa wanarudi kutoka kula walimcheka, wakasema msomi wao hupima hata supu kabla ya kuinywa.

Lilikuwa gari la kwanza alilolichora. Mwenye karakana alitaka gari jipya la michezo lenye damu ya zamani, na Nives, aliyesomea kazi hiyo Turin, alijua kila umbo lilikotoka. Milango inayofunguka kwenda juu kama mabawa ilibuniwa kwa sababu mabomba ya fremu yalipita juu mno ubavuni, mlango wa kawaida usingepata nafasi. Mkia uliokatwa ghafla ulitoka kwa wataalamu wa upepo, waliogundua kwamba mkia mrefu ukifupishwa gari halipotezi kitu. Nundu za paa zilipigwa ili kofia ngumu za madereva zisigonge bati. Kila kinachoitwa urembo leo kiliwahi kuwa shida ya mtu. Aliyajua hayo yote, lakini alipokuta darini mwa karakana kalibu ya mbao ya mwaka 1956, umbo la kupigia bati la paa, yenye nundu moja tu upande wa dereva, imeegemea kushoto kama kichwa kilichoinamishwa, aliipenda mno hata akalipigia paa la gari jipya juu yake bila kuuliza ilikuwa shida ya nani.

Jumatano kaka yake Ivano, dereva wa majaribio, alikuja kupimiwa kiti. Alikaa dakika kumi, akatoka akijisugua shingo. Alisema paa liko chini, linamgusa. Nives aliingiza mkono. Kati ya nywele za Ivano na bati vilikuwa vinapita vidole vinne.

“Basi nimerefuka, dogo,” Ivano alisema, akicheka.

Lakini mle ndani mlinuka mafuta ya nyonyo yaliyoungua, harufu tamu inayokaba koo. Magari ya mashindano yalitumia mafuta hayo miaka thelathini na mitano nyuma. Karakana nzima haikuwa na hata chupa moja.

Jioni, mezani kwa mama yao, Ivano alikula kichwa kikiwa kimelala kushoto. Mama alimwambia akae kama mtu. Nives alipomgusa shingo, misuli ilikuwa migumu kama nyuzi za gitaa, na Ivano, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani, akasema kwa sauti isiyokuwa yake, “Bado.” Alipoulizwa bado nini, hakujua kama amesema kitu. Ijumaa saa tatu asubuhi alitakiwa kuliingiza gari lile kwenye uwanja wa majaribio na kulikimbiza kilomita mia mbili na arobaini kwa saa.

Alhamisi wenzake walipokwenda kula, Nives alibaki peke yake na gari, ukungu umeziba madirisha kama shuka lililolowa, akapima, akapata arobaini na tisa, na kabla hajaishusha rula akasikia kutoka ndani ya paa mtu akigonga bati kwa kifundo cha kidole, mara moja, kisha kimya, kisha mara moja tena, bila haraka, kama fundi anayemsubiri mwenzake aliye nje, na harufu ile tamu ikamzunguka, na chini ya mkono wake alumini iliyokuwa baridi tangu asubuhi ikapata joto, joto la utosi wa mtu, ikasukuma kiganja chake polepole kwenda juu.

Alikimbilia kwa Fundi Learco, mpiga bodi mstaafu wa karakana ile aliyeishi mitaa miwili kutoka pale, akamwonyesha mchoro wa kalibu na kumweleza yote, hadi shingo ya Ivano. Mzee alivua miwani, akaiweka mezani, hakuivaa tena.

Alisimulia akitazama mikono yake. Dereva aliitwa Walter Sgarbi. Shingo yake ilivunjika zamani ikaunga vibaya, imeinamia kushoto, kichwa hakikuingia chini ya paa lolote. Kwa hiyo waliinua bati kupita kiasi, wakamketisha ndani ya gari, Learco akalishusha kwa nyundo kutoka nje mpaka limkae kichwani, na Walter akawa anamwongoza kwa kugonga bati: mara moja, endelea; mara mbili, acha. Wiki ya pili gari likapinduka likaungua naye. Desturi ya karakana ilikuwa kuchoma kalibu ya dereva aliyekufa, siku ileile. Learco hakuichoma. Mstari ule ulikuwa mzuri kuliko vyote alivyowahi kupiga, akauficha darini.

“Nilijua kitu nilichokifanya,” alisema. “Usinihurumie.”

Mkewe, Bibi Argia, ambaye watu wa Modena walimletea watoto waliotupiwa jicho la husuda na watu waliounguzwa na moto, alidondosha mafuta kwenye sahani ya maji kupiga ramli. Tone halikutawanyika. Lilikwenda kujibandika ukingoni, upande wa kushoto.

“Hakuwavamia,” alinong'ona. “Nyie ndio mmemjengea, mwanangu. Nafasi ile ni kipimo chake.”

“Tuibomoe, bibi.”

“Mkiibomoa kiti kikiwa kitupu, atahamia kwenye shingo aliyokwisha kuijaribu. Lazima mtu akae pale amzibie njia, mpaka bati lilale. Na mkianza, msiache katikati.”

Nives aliuliza Walter atapatwa na nini. Bibi Argia alifunika sahani kwa kitambaa.

Ijumaa saa mbili asubuhi Nives aliingia ndani ya gari lake, akafunga mlango. Hakumwomba ruhusa mtu yeyote. Alijua hatachora tena gari katika mji ule. Fundi Learco alipanda kwenye kigoda akiwa na nyundo ya mbao. Nives aligonga mara moja. Pigo la kwanza likashuka, la pili, la kumi, na paa likaanza kumkaribia. Ndipo akahisi, kati ya bati na nywele zake, nywele nyingine, na fuvu lenye joto lililokuwa likibonyezwa pamoja na kichwa chake, na pumzi yenye mafuta ya nyonyo sikioni. Juu yao pakagongwa mara mbili.

Nyundo ikasimama. “Ni wewe, msomi?” Learco aliuliza kutoka nje.

“Basi, dada,” sauti ilisema karibu na shavu lake, sauti ya kijana, ikilia. “Inaniuma.”

Nje, uani, Ivano alikuwa amefika. Nives alimsikia akiwatania mafundi na kuuliza funguo ziko wapi.

Nives akainua mkono, akagonga mara moja.