Neno "Picha" Ndilo Lililoniponza

Nina miaka thelathini na sita, mkaazi wa Shika Adabu, Likoni. Sina mume, sina kizazi. Naandika nikiwa na uchungu, kwa hivyo mnisamehe nikiropokwa.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na mume na huyu binti yangu mmoja, nikitamani sana mtoto wa pili. Nikaanza kutokwa na damu kila baada ya tendo la ndoa. Kwenye zahanati, muuguzi alinipaka siki kwenye mlango wa kizazi, akaona doa jeupe. Alisema huenda si saratani, lakini likiachwa laweza kuwa. Akaniandikia barua niende kliniki ya magonjwa ya zinaa, ambako ndiko kuna darubini ya kulitazama doa, kulipiga picha na kulitibu mapema... Bahati hiyo niliichezea!

Nilimwambia wifi yangu Zulfa, dada wa mume wangu, ambaye tulikuwa tukila naye sahani moja. Nilimwambia kwa kifupi tu, kwamba nakwenda kupigwa picha ya huko chini. Mume wangu aliporudi kutoka bandarini, alikuwa amevimba kwa hasira.

"Wallahi, mke wangu hapigwi picha za utupu!" alifoka. "Tena kliniki ya zinaa! Nani kakuambukiza?"

Nilimweleza kwamba darubini yenyewe hukaa nje ya mwili, na picha ni ya kidoa tu. Angenisikia wapi? Dada yake alikwishamjaza maneno. Nikaogopa talaka, nikaificha barua chini ya godoro.

Ikakaa huko zaidi ya mwaka! Damu ilipozidi ndipo nikaenda, na nilipolala mbele ya ile darubini hatimaye, daktari aliniambia doa limeshakuwa saratani. Nikatolewa kizazi. Mume wangu akaoa mwingine nikiwa wodini, kisha akanipa ile ile talaka niliyoiogopa. Sasa nilikuwa nikilinda nini?

Mwezi uliopita Zulfa alinijia, kajifunika ushungi hadi puani, barua kama yangu mkononi.

"Wifi, nisindikize," alininong'oneza. "Lakini tafadhali, usimwambie mtu."

Nilimpeleka. Sijamsamehe... lakini nilimshika mkono pale kitandani. Haikufika hata nusu saa, doa lake likatibiwa, akatoka anacheka! Mimi nikaenda kulia chooni.

Dada zangu, mkiandikiwa darubini, nendeni. Na ukikosa wa kukusindikiza, mwambie muuguzi. Usimwambie wifi.