Fuwele Iliyomea kwa Unywele

Waliokuwemo maabarani siku ile ni hawa: Profesa, aliyekuwa mkuu wa maabara; fundi wa mashine, aliyeitwa Mzee Taratibu; mwanafunzi wa uzamivu; na shangazi yake mwanafunzi, aliyekuwa mganga, aliyeingizwa kwa mlango wa nyuma.

Chanzo kilikuwa kidogo. Protini ya mwanafunzi ilikataa kuganda kuwa fuwele, na bila fuwele eksirei haina cha kupiga, wala shahada haipatikani. Akafanya wafanyavyo wenzake: aling'oa unywele wake, akaugusisha kwenye fuwele kuukuu ya protini nyingine, akaupitisha katika tone jipya la protini yake ili mbegu zihamie humo. Kulipokucha fuwele ilikuwa imemea, nyekundu.

Walipoipiga eksirei, vitone vya mwanga vinavyotokea pichani viligoma kuhama. Fuwele ikizungushwa, sharti vitone vibadilike. Hivi vilitulia palepale, picha baada ya picha, kama macho. Ikaja harufu ya udi, na ndani ya kabati la mashine, lililofungwa na ambamo mtu hawezi kuenea, ikasikika sauti ya kitana kikipita polepole kwenye nywele ndefu, kikikwama, kikivutwa, kikianza tena.

"Mzee, umesikia?" mwanafunzi alinong'ona.

"Tangu jana. Nikajiambia ni feni. Leo feni nimeizima."

Ndipo shangazi akaitwa. Alinusa, akarudi nyuma.

"Huyu ni pepo wa bibi yako. Alikuwa akikaa vichwani mwetu, ametulia. Sasa umemjengea nyumba. Iyeyushe yote."

"Na shahada yangu, shangazi?"

"Kofia yake utaivaa kwenye kichwa gani?"

Mwanafunzi aliidondoshea fuwele maji huku akilia. Ikayeyuka, harufu ikakatika.

Lakini katika maabara zao, fuwele ya mwisho haiyeyushwi bila kubakiza mbegu. Mzee Taratibu alimkuta Profesa akifunga friji ya ofisini.

"Profesa, tulisema yote."

"Kipande tu, Mzee. Mtoto ameteseka miaka sita. Nitamwoteshea nyingine."

"Unywele utautoa wapi?"

Profesa alipapasa mvi zake, akacheka kidogo.

Jumatatu ukumbi wote ulinuka udi. Mlango wa ofisi ya Profesa ulikuwa umefungwa kwa ndani, naye yumo, na nyuma yake kitana kilipita polepole, kikikwama, kikivutwa, kikianza tena.

Profesa alifariki humo Jumanne, kabla ya adhuhuri.