Furushi la Babu Elirehema

Shule zilikuwa karibu kufungwa. Kila jioni, Clara akimaliza kazi za shule na kuosha vyombo, alimkuta mama yake sebuleni amepiga magoti mbele ya masanduku. Nyumba yao ya Sharpstown, mjini Houston, ilikuwa ndogo, na siku hizo ilibidi waruke masanduku ili wafike jikoni. Walikuwa wanakwenda Moshi kumwona bibi, ambaye Clara, na miaka yake yote kumi na miwili, alikuwa hajawahi kumshika mkono.

Mama yake, Natalia, alikuwa nesi, na safari nayo aliiandaa kinesi. Alisoma masharti ya shirika la ndege neno kwa neno. Kila sanduku lisizidi paundi hamsini; likizidi, unatozwa ada. Betri za kuchajia simu zibebwe mkononi, zisitiwe sandukuni, maana zinaweza kushika moto. Kisha akalipima kila sanduku kwa mizani ya kuning'iniza.

"Yamejaa pomoni," akasema. "Mizigo ya watu sasa basi. Akija mtu, mwambie Mama amekataa."

Haya, kusema ni rahisi! Nani aliwahi kusafiri kwenda nyumbani asiletewe mzigo wa kubeba? Kesho yake, Mama akiwa kazini, jirani yao Babu Elirehema akabisha hodi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimeleta kafurushi kadogo tu, ka Edson, mtoto wa binti yangu kule Moshi. Ni viatu vya shule. Hakana uzito."

Babu huyu ndiye aliyemfundisha Clara kuendesha baiskeli, akimkimbilia nyuma na magoti yake mabovu. Angemkataliaje? Clara akalipokea furushi, akalisokomeza chini kabisa ya sanduku, chini ya nguo zote. Mama aliporudi, Clara hakusema kitu. Alijua jibu litakuwa hapana, na hakutaka kulisikia.

Kwenye uwanja wa ndege, karani alimuuliza Mama kama kuna mtu aliyempa kitu cha kubeba, na kama ndani ya masanduku kuna betri.

"Hakuna," Mama akajibu bila kusita. "Nimefunga kwa mikono yangu."

Sanduku likawekwa kwenye mizani. Paundi hamsini na tatu.

"Haiwezekani," Mama akasema. "Nimelipima mwenyewe."

"Punguza, au ulipie ada," karani akasema kwa upole.

Ada yenyewe ilishinda bei ya sanduku. Mama akalifungua, akatoa kilichokuwa juu, blanketi nene walilomnunulia bibi. Kila wakipiga simu, bibi alilalamikia baridi ya mlimani. Mama akalikunja taratibu.

"Itabidi tuliache," akasema. "Bibi atanisamehe."

Clara alipolitazama blanketi lile, akaona haya mpaka machozi yakamlengalenga.

"Mama, usiliache. Kuna furushi la Babu Elirehema huko chini. Nililiweka mimi."

Mama akamgeukia karani. "Naomba radhi, dada. Nilikujibu vibaya. Kuna kitu tumepewa."

Wakalifungua furushi palepale. Viatu vilikuwemo, vizito kweli, na ndani ya kiatu kimoja Babu alikuwa ametia betri kubwa ya kuchajia simu, zawadi nyingine ya Edson. Masharti hakuyajua.

"Afadhali mmesema," karani akasema. "Hiyo mbebe mkononi."

Blanketi likarudi sandukuni, na mizani ikakubali. Viatu na betri vikaingia kwenye begi la mgongoni la Clara, naye akalibeba bila kulalamika.

Walipokaa kungoja ndege, Clara alilia. Mama akamvuta kifuani.

"Umenikasirisha, na bado nakupenda," akasema. "Huruma uliyomwonea Babu ni nzuri, usiipoteze. Lakini ungeniambia mapema, viatu tungevipanga nyumbani, tena kwa kucheka. Uliponificha, ulinifanya nimwambie yule dada uongo, mimi nikidhani ni kweli. Ukificha jambo, mwanangu, mwenzako ndiye anayeulizwa."