Mdomo Mwekundu kwenye Kibao cha Waithira

"Toka hapo, Waithira, nisije nikakukata mkono!"

Mama Wakonyo alikuwa ameinua panga. Waithira, mwalimu wa nasari hapo Wang'uru, alikumbatia mti uliobeba kibao cha kulishia ndege nyuma ya nyumba yake, na hakutoka. Ilikuwa mwaka wa sabini na nne, mpunga ukianza kukaza punje.

"Kesho wazee walikuwa wapeleke mbuzi wa mahari kwa baba yako Endarasha," mama akafoka. "Leo nasikia ati unalisha kweleakwelea! Mke wa mwanangu awaandalie karamu wezi wa mpunga wetu? Hakuna mbuzi!"

"Si kweleakwelea, mama. Hao ni kwera, ndege wengine kabisa."

"Ndege wadogo, kahawia, wenye michirizi! Nawafukuza tangu tupewe shamba la skimu ya mpunga. Utanifundisha?"

Kingori, mchumba wake, alisimama kando ya mama yake akitazama viatu.

"Kingori, sema kitu."

"Mama ameshasema."

Hilo lilimchoma Waithira kuliko panga. Lakini aliona miguu ya mama huyo ina matope ya tangu alfajiri. Akaleta stuli.

"Kaa, mama. Angalia kwanza, halafu ukate."

Wakonyo akaketi. Ndege wakarudi mmoja mmoja.

"Tazama mdomo. Kweleakwelea ana mdomo mwekundu kama pilipili, hata miguu ina wekundu. Hawa mdomo ni kahawia, na kifuani kuna manjano kidogo."

Wakonyo akakaza macho.

"Huyo hana wekundu. Hata huyo." Sauti ikashuka. "Shambani wanakuja kama wingu. Unapiga debe, unarusha udongo. Nani angeona mdomo?"

Panga likalala magotini. Waithira akashusha pumzi. Hapo hapo ndege mwingine akatua ukingoni, nyuma ya wenzake. Wakonyo hakumwona. Waithira alimwona. Angenyamaza tu, mbuzi wangefika Endarasha.

"Mama," akasema, "yule wa mwisho. Huyo ni kweleakwelea."

"Waithira!" Kingori akaruka. "Si ungenyamaza?"

"Ninyamaze, mama yako akose mpunga?" Akamgeukia Wakonyo. "Sikujua wameanza kuja. Sitaweka chakula tena mpaka mvune. Na kama mbuzi hawaendi, basi."

Wakonyo akalikaza panga mkononi, akikitazama kibao. Kingori ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Mama, hicho kibao nilikitengeneza mimi. Hata makapi ya mpunga nilimletea mimi."

"Ati nini? Na ukaniacha nimtukane mtoto wa watu?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Wewe na panga."

Wakonyo akacheka mpaka akashika mbavu. Waithira hakucheka.

"Mbuzi wataenda," mama akasema akiinuka. "Huyu amenipa ukweli nikiwa bado nimeshika panga. Lakini wewe, Kingori, sijui kama bado anakutaka. Mimi nisingekutaka."

Akaenda zake. Kingori akasogea, kofia mkononi.

"Nisamehe, Waithira. Nilikuacha peke yako."

"Mbele ya mama yako."

"Kesho nitalisema mbele ya baba yako."

"Na wazee?"

"Wote wakisikia."

Waithira akachukua stuli kuirudisha ndani.

"Basi vaa koti," akasema. "Endarasha kuna baridi, na baba yangu hatakukaribisha ndani upesi."