Kero za Njia ya Chini

Kila siku nikitoka shule, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubadilisha maji ya beseni. Mama yangu ni fundi baiskeli, na karakana yake ni kibanda cha mabati mbele ya nyumba yetu. Mpira ukitoboka, anaujaza upepo, anauzamisha kwenye beseni na kuuzungusha taratibu mpaka mapovu yatoke. Hapo ndipo anajua tundu liko wapi. Wateja wenye haraka humwambia, "Fundi, we bandika tu hapo, si panaonekana?" Mama hucheka, na mpira unarudi majini.

Mwaka huo Mama aligombea udiwani. Watu walimcheka: mwanamke mwenye grisi hadi kwenye viwiko ataketi vipi na wenye suti? Mama alinunua daftari kubwa la jalada gumu, akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiuliza swali moja tu: "Mnataka jiji liwafanyie nini?" Jibu aliliandika kwa maneno ya mwenyewe. Aliahidi hadharani kwamba kwenye mkutano wake wa kampeni hatasema jambo lolote ambalo hakulisikia kwa wakazi. Wapinzani wake walikuwa na magari na vipaza sauti. Sisi tulikuwa na daftari.

Alizimaliza njia zote isipokuwa njia ya chini, ile inayoteremka hadi kwenye mtaro mkubwa. Baiskeli za wateja zilikuwa zimemzidi. Ijumaa akanipa daftari na orodha ya nyumba kumi na nne.

"Kalamu," aliniita. Ndilo jina langu la utani, kwa sababu ya mwandiko wangu. "Nenda kaniulizie. Usikimbilie kuandika, sikiliza kwanza. Nimewatumia salamu kwamba mtu wa daftari anakuja leo. Mkutano ni kesho."

"Sawa, Mama."

Niliondoka na nia safi, nawaambieni kweli. Ila njia ya chini inapita kando ya uwanja, na uwanjani timu yetu ya wasichana ilikuwa inacheza bila golikipa.

"Kalamu! Njoo ukae golini, tunafungwa ovyo!"

Nikasema dakika kumi tu. Nilipotoka golini, jua lilikuwa linazama. Nikakaa juu ya jiwe, nikafungua daftari. Kero za mtaani, nani asiyezijua? Nyumba ya kwanza nikaandika haina maji. Ya pili, takataka. Ya tatu, mashimo ya barabara. Nyumba ya mwisho, orodha ilisema "mzee, fundi viti". Nikamwandikia: "Taa ya barabarani mbele yangu imezimika, jamani, usiku sioni njia." Hilo "jamani" nililiongeza ili isikike kama sauti ya mzee. Nilijiona mjanja kweli.

Usiku Mama alisoma kurasa zangu, akanishika bega. "Umenisaidia sana, mwanangu." Chakula kilinishuka kwa shida, lakini kilishuka.

Kesho yake uwanja ulijaa. Watu wa njia ya chini walisimama pamoja upande mmoja. Mama alisoma kero za njia nyingine, na watu wakawa wanaitikia, "Kweli kabisa!" Kisha akafika kwenye kurasa zangu.

"Nyumba ya kwanza, njia ya chini, wanasema maji hayajatoka wiki tatu."

Mwanamume mmoja akanyoosha mkono. "Samahani, mama. Hiyo ni nyumba yangu, na mimi ni fundi bomba. Maji yasipotoka kwangu, wateja wangu watanielewaje?"

Watu wakacheka. Mama naye akatabasamu, akidhani amekosea mstari. Akafungua ukurasa wa mwisho, akaisoma ile kero ya taa.

Mzee mmoja akasogea mbele, mkono mmoja umeshika fimbo nyeupe, mwingine begani kwa mjukuu wake. "Mama mgombea," alisema, "fundi viti ni mimi. Taa yangu ilizimika miaka kumi na miwili iliyopita, na si jiji lililoizima."

Uwanja mzima uliangua kicheko. Mama hakucheka. Alilitazama daftari, kisha akaanza kunitafuta kwa macho. Nikajificha nyuma ya mgongo wa mjomba wangu, aliyesimama karibu nami.

"Ungeniuliza, ningekwambia," mzee akaendelea, sasa bila utani. "Mfuniko wa mtaro mlangoni kwangu umevunjika. Mwezi uliopita nilitumbukia humo. Jana nilimngoja mtu wa daftari mchana kutwa. Hata kiti nilimwekea."

"Kumbe naye ni walewale tu!" mtu akapiga kelele.

Nilijua Mama angeweza kunitaja. Neno moja tu, angejinasua. Lakini alilifunga daftari akasema, "Hili daftari ni langu, na kosa ni langu. Naomba radhi."

Jamani, aibu! Masikio yaliniwaka moto. Watu wa njia ya chini walianza kuondoka, na Mama alikuwa amesimama peke yake na lile daftari lililofungwa. Nikashindwa kuvumilia. Nikakimbia, nikawakata njia.

"Ni mimi!" nilisema huku nalia. "Mama hakujua. Sikufika kwenu hata nyumba moja. Nilikuwa golini, nikayatunga yote."

Mzee akauliza, "Mlifungwa mangapi?"

"Manne."

"Basi hata golini hukufanya kazi."

Wengine walicheka, wengine waliendelea na safari yao. Jumapili nilizipita nyumba zote kumi na nne. Kila mlango niliomba radhi kwanza, ndipo nikauliza na kuandika, na kila mara ilikuwa aibu mpya. Wawili walinifungia mlango. Kwa mzee, kiti kilikuwa bado kipo pale barazani. Nilikikalia nikitamani ningekuwa nimekaa chini.

Kura zilipohesabiwa, Mama alishindwa kwa kura kumi na tisa. Nilimfuata kibandani.

"Mama, ni mimi niliyekukosesha udiwani?"

Mama hakunificha. "Huenda. Mimi sitajua, na wewe hutajua."

Aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Kisha akanipa mpira na kiraka. "Bandika."

"Wapi? Sijaona tundu."

"We bandika tu. Si panaonekana?"

Nikainamisha kichwa. Akausogeza mpira kwenye beseni, akasema, "Shida ya mtu haikisiwi, mwanangu. Unamwendea, unakaa, unamsikiliza. Ukimwandikia maneno ambayo hakuyasema, umemdanganya yeye, umemdanganya aliyekutuma, na shimo linabaki wazi."

Daftari tulimpelekea diwani mpya, mimi na Mama, na tukarudi ofisini kwake mara tatu. Wiki ya tano mafundi wa jiji walileta mfuniko wa zege. Mzee aliugonga kwa fimbo, akaukanyaga kwa mguu mmoja, halafu kwa yote miwili.

"Haya, Kalamu, andika," alisema. "Nyumba ya mwisho wanashukuru, ila jamani mmechelewa."

Nikaandika vilevile alivyosema, bila kuongeza neno.