Bi Mwanapili Avuka Bonde

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Rahila alikuwa na kazi ya bibi yake. Alimchotea maji ya kutawadha, akamletea beseni hapo hapo alipokaa. Bibi akimaliza kusali, Rahila alimpelekea chai na muhogo wa kuchemsha, akamwekea mto mgongoni, akamsogeza mpaka dirishani apate upepo. Mchana akirudi shule, na jioni akirudi chuoni kusoma Kurani, mambo yalikuwa yale yale. Bi Mwanapili hakunyanyua hata kikombe.

Watu wa kijiji chao, jirani na Wambaa, walimjua Rahila kwa hilo. Mwanamke akipita na ndoo yake alisimama mlangoni kumsifu, kwamba watoto wa siku hizi hawawi hivyo. Rahila alikuwa na miaka kumi na miwili, na sifa hizo alizipenda kama anavyopenda kashata.

Mambo yalianza Ramadhani iliyopita, Bi Mwanapili alipoteleza uwani penye maji ya kuoshea vyombo. Kifundo cha mguu kikavimba. Mwanawe, Mwanabaraka, ndiye mama yake Rahila, aliapa kuwa mama yake hatashika kazi tena. Uvimbe uliisha, lakini amri ilibaki. Mwanabaraka alikuwa na hofu yake, na si ya mguu tu. Aliogopa midomo. Alikuwa kama anawasikia watu wakisema kwamba fulani ana binti mzima nyumbani, naye bado anateka maji mwenyewe.

Basi ukaingia msimu wa karafuu. Ng'ambo ya bonde, mkabala na dirisha la Bi Mwanapili, kulikuwa na nyumba ya Bi Mwanamize, shoga yake tangu usichana. Kila alasiri wanawake walikusanyika kibarazani kwake kuchambua karafuu, kutenga punje na makonyo, vile vijiti vyake. Na kazi ya kuchambua ni ya mikono, midomo haina kazi. Nani kaposwa, nani karudishwa kwao, mchuzi wa harusi ya nani ulikuwa maji matupu, yote yalichambuliwa pale pamoja na karafuu. Harufu ilivuka bonde, na vicheko vikavuka.

Bi Mwanapili alikaa dirishani akisikiliza. Sauti alizijua moja moja, ila maneno hayakumfikia. Vicheko vikipanda, naye alitabasamu kidogo, kama mtu aliyekaribishwa, kisha tabasamu likamtoka.

"Wamecheka nini, Rahila?"

Rahila alijibu kwamba hajui. Siku moja alitaka kukimbia kwenda kuuliza, bibi yake akamzuia. Habari ya kuletewa, alisema, huja imeshapoa.

Mwanabaraka naye hakuwa na moyo wa jiwe. Alisema atamwita Bi Mwanamize aje. Mama yake akakataa. Anayetembelewa ni mgonjwa, alisema, na yeye hataki kuangaliwa. Anataka kukaa jamvini, agombanie ungo kama wenzake. Siku hiyo alijaribu kusimama peke yake. Aliinuka nusu, akarudi chini kwa kishindo, na Rahila akaja mbio kumwekea mto.

Wiki hiyo hiyo alipita Widad, muuguzi aliyekuwa akizunguka nyumba kwa nyumba kuwapima wazee presha. Alimwamkia Bi Mwanapili, akampima, akaridhika. Kisha akamwomba ainuke kitini bila kushika kitu. Bi Mwanapili alishindwa.

Widad akaukagua mguu, akauliza nani humtekea maji. Rahila akasema ni yeye. Nani humfulia, nani humpikia, nani humkunjia mkeka? Rahila akajibu yote, kifua mbele, akingoja sifa yake.

"Na bibi anafanya nini?" aliuliza Widad.

Bi Mwanapili alitazama nje.

Widad akawaeleza kwa upole kwamba mguu umepona siku nyingi. Kilichobaki ni kukaa. Miguu ya mtu mzima isipotumika hupungua nguvu upesi, na nguvu zikipungua ndipo kuanguka kunapozidi. Lakini zinarudi, alisema, hata kwa mwenye mvi, akianza kidogo kidogo. Akamwonyesha Bi Mwanapili kushika ukingo wa meza na kuinuka, kukaa, kuinuka tena. Akataka atembee uwani na mkongojo, mtu awe karibu naye, avae viatu visivyoteleza, na sakafu iwe kavu. Akisikia kizunguzungu au kifua kumbana, apumzike, naye Widad aitwe.

Mwanabaraka alisikiliza akisugua kucha zake. Mwisho akasema yaliyokuwa moyoni.

"Dada Widad, watu watanionaje?"

Widad alimjibu kwamba yeye hupima presha za watu, maneno yao hana kipimo chake.

Zoezi likaanza, lakini mlango ukiwa umefungwa. Mwanzo Bi Mwanapili aliinuka mara chache tu akakaa, jasho likimtoka. Baadaye akaweza kufika jikoni. Baadaye akafagia uwa, ufagio mkono mmoja, mkongojo mkono wa pili, akigombana na kuku.

Aliyepata taabu ni Rahila. Akimwona bibi ananyoosha mkono kuchukua kata ya maji, mkono wake ulitangulia. Ikambidi asimame na mikono nyuma, akimtazama bibi yake akimwaga nusu ya maji chini, na kufuta yeye mwenyewe. Asubuhi moja mlango ulikuwa wazi, jirani akachungulia, akamkuta Bi Mwanapili anaosha vikombe.

"Kwani umeshamchoka bibi yako, Rahila?"

Rahila aliona haya. Siku ile yote alirudia mambo yake ya zamani. Alimletea bibi beseni, akamnyang'anya kikombe, akamwambia akae. Bi Mwanapili hakubishana. Alikaa. Alasiri vicheko vilipovuka bonde, hakuuliza kitu. Hilo lilimuuma Rahila kuliko maneno ya jirani, akaenda kukaa miguuni pake.

"Unaogopa watasema nini," bibi alimwambia. "Mama yako naye hivyo hivyo. Mie naogopa msimu utakwisha. Shoga yetu Rahma alikuwa anakaa na sisi pale. Kafa, kazikwa, nami nimeletewa habari hapa nilipokaa. Mwanamize bado yupo. Nataka nimkute."

Rahila alimfuata mama yake jikoni, akamweleza maneno hayo kama alivyoyasikia. Mwanabaraka aliacha kukuna nazi. Akainuka kwenye mbuzi, akapangusa mikono. Kisha akamwambia Rahila amtafutie bibi viatu vyake vya ngozi.

Mikarafuu ilikuwa imebaki michache tu ya kuchumwa siku waliyoteremka. Bi Mwanapili alitangulia na mkongojo, Mwanabaraka ubavuni, Rahila nyuma. Kwenye kidaraja cha saruji walipumzika. Kwenye kupanda walipumzika tena, na tena. Mwanabaraka alitaka kumshika kiuno, mama yake akautoa mkono wake, akamwambia kuwa akimtaka atamwita.

Kibarazani mazungumzo yalikatika ghafla. Bi Mwanamize aliinua macho, ungo ukiwa mapajani.

"Mwanapili, umekuja na nani?"

"Nimekuja na miguu yangu. Nipishe, umekaa mahali pangu."

Wanawake wakapasuka kwa kicheko. Bi Mwanamize alisogea, na Bi Mwanapili akateremka kwa kujishikilia nguzo mpaka akakaa jamvini. Mashoga wakashikana mikono, wakamwombea Rahma dua. Kisha ungo ukagombaniwa.

Mwanabaraka alibaki amesimama na haya zake, akingoja kusemwa. Mwanamke mmoja akamcheka, akasema kusemwa ameshasemwa, amechelewa. Msimu mzima wameuliza Mwanabaraka kamfungia mama yake ndani kwa kosa gani.

Mwanabaraka alishika mdomo. Halafu akacheka mwenyewe, akakaa.

Bi Mwanapili alikataa kuondoka. Alisema wajukuu wa Mwanamize watamsindikiza kabla ya magharibi, na kwamba hajamaliza habari ya mchuzi wa harusi. Rahila na mama yake wakarudi wawili. Nyumba ilikuwa kimya. Rahila hakujua afanye nini na mikono yake, akamwonea hamu bibi yake mpaka akasogea mlangoni.

"Nikamchukue?"

"Mwache," alisema mama yake. "Tulidhani heshima ni kumkalisha. Kumbe tulikuwa tunamnyima miguu yake. Mzee anataka kutunzwa, Rahila, lakini anataka pia kufanya analoliweza, na kwenda kwa watu wake. Mwili wake unaishi kwa hayo kama wako. Kazi yetu ni kuwa karibu, siyo kumfanyia kila kitu."

Rahila akaitikia. Akachukua kitambaa, akaenda uwani, akaifuta sakafu pale bibi alipoteleza, mpaka ikakauka.